Nilisogeza mpaka: uzoefu wangu wa kufundisha uendelevu kwa wahandisi wa kemikali

Katika mitaala mingi ya uhandisi wa kemikali, uendelevu umepewa chumba cha uani. Unakuta mhadhara mmoja wa mwaka wa mwisho, slaidi yenye duara tatu zinazopishana (mazingira, uchumi na jamii), fasili ya Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1987 kuhusu mahitaji ya kizazi hiki na vizazi vijavyo, kisha insha. Nilipokabidhiwa mhadhara huo nilianza kwa kusoma insha za waliotangulia, na zilikuwa zimeandikwa vizuri. Halafu nikafungua miradi ya usanifu ya wanafunzi walewale. Humo viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia kemikali, vilitoka mtamboni kwa mshale ulioandikwa “taka”, na mshale ukaishia pembeni mwa karatasi. Hakuna aliyeulizwa unaelekea wapi, wala aliyekatwa alama kwa kutokusema.

Mtu anayeandika vizuri kuhusu vizazi vijavyo na kuchora mshale wa namna hiyo hajakosa maadili. Amefundishwa masomo mawili yasiyojuana. Kwa hiyo sikuomba saa za ziada (nisingepewa hata kama ningeomba, ratiba ya uhandisi haina pa kuchomeka hata sindano). Niliamua kuutoa uendelevu kwenye insha na kuuhamishia kwenye mizania ya tungamo na nishati, somo la mwanzo kabisa, ambako mwanafunzi hufundishwa kuzungushia mtambo mpaka kisha kuhesabu kinachoingia, kinachotoka na kinachobaki. Fani yetu yote imesimama juu ya mpaka huo. Nilichohitaji ni kuwazoesha kuuliza kwa nini umechorwa pale na si pengine.

Nilianza na amonia, malighafi ya mbolea, kwa sababu zoezi lake lilikuwepo tayari. Kila mwaka wanafunzi hukokotoa haidrojeni na nitrojeni zinazohitajika, wanapata jibu, wanafunga daftari. Niliongeza maswali machache tu. Haidrojeni imetoka wapi? Kwa kawaida imetoka kwenye gesi asilia: methani humenyuka na mvuke, na ukifuata mmenyuko hadi mwisho, kila molekuli ya methani hutoa nne za haidrojeni na moja ya hewa ukaa. Tani moja ya amonia ni takriban kilomoli 58.7 (kilomoli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Inataka kilomoli 88 za haidrojeni, yaani kilomoli 22 za methani, na hizo zinazaa kilomoli 22 za hewa ukaa, karibu kilo 970. Hiyo ni kabla hujawasha moto wowote. Mwanafunzi anashtuka kidogo: tani kwa tani, na ni kemia tupu, hakuna mzembe wa kulaumiwa.

Kisha nawaambia kwamba viwanda vinavyotumia gesi asilia hutoa kati ya tani 1.6 na 1.9 hivi kwa kila tani ya amonia, na kuwauliza hiyo ziada inatoka wapi. Hapo somo linaanza kuchangamka. Wanarudi kwenye mizania ya nishati: mmenyuko wa methani na mvuke hunyonya joto na hufanyika kwenye nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, kwa hiyo kuna gesi nyingine inayochomwa nje ya mirija. Kuna kugandamiza gesi hadi shinikizo kubwa. Kuna kuizungusha tena ile ambayo haikumenyuka. Zile hesabu walizokuwa wakizifanya kwa kutimiza wajibu sasa zinajibu swali wanalolitaka wenyewe.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni ya urea. Daima atatokea mwanafunzi mwerevu wa kusema kwamba hewa ukaa hiyo haipotei, kwa sababu kiwanda cha mbolea huichukua na kuichanganya na amonia ili kupata urea. Ni kweli. Tani moja ya amonia ikigeuzwa yote kuwa urea inameza takriban tani 1.3 za hewa ukaa. Darasa linafurahi, mtambo unaonekana msafi. Hapo nawaomba wausogeze mpaka kutoka getini mwa kiwanda hadi shambani. Urea ikiingia kwenye udongo wenye unyevu inavunjwa na vimeng’enya, na ile hewa ukaa iliyomezwa kiwandani inatoka yote. Juu ya hapo sehemu ya nitrojeni hupaa kama oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto mara zaidi ya 270 kuliko hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Hakuna aliyekosea hesabu. Mpaka wa kwanza ulikuwa halali na wa pili ni halali. Ila ukiuonyesha wa kwanza peke yake kwa mtu asiyejua umechorwa wapi, umempotosha.

Baada ya amonia ya gesi, swali la amonia ya umeme huja lenyewe. Kuvunja maji kwa umeme ili kupata kilo moja ya haidrojeni huchukua kati ya kilowati-saa 50 na 55 katika mitambo iliyopo. Kinadharia, ukihesabu joto lote, huwezi kushuka chini ya 39.4. Njia ya methani hutoa hewa ukaa kama kilo 10 kwa kilo ya haidrojeni. Siwaambii ipi ni bora. Nawaomba watafute umeme wenyewe uwe msafi kiasi gani ndipo njia ya umeme ianze kushinda. Ni kugawanya tu: 10 kwa 55, karibu kilo 0.18 za hewa ukaa kwa kilowati-saa. Umeme wa makaa ya mawe huwa karibu kilo 0.9 au hata zaidi. Ukiutumia huo kuvunja maji unapata kilo 50 za hewa ukaa mahali ambapo gesi ingekupa 10.

“Mwalimu,” aliniuliza mmoja, “sasa hii haidrojeni ya kijani, hii ya umeme inayosifiwa kuwa safi, ni danganya toto?”

Nilimwambia rangi haimo kwenye haidrojeni. Imo kwenye waya unaoingia mtamboni, na waya huo yeye hakuuchora. Tukauchora.

Kwenye somo la mimenyuko na reakta nilimkuta mwenzangu mwenye moyo mweupe, na yeye ndiye aliyependekeza ibuprofeni, dawa ya maumivu. Njia ya kwanza ya kuitengeneza, iliyobuniwa na kampuni ya Boots miaka ya 1960, ilikuwa na hatua sita. Njia mpya, iitwayo BHC, iliyoanza kutumika kiwandani Bishop, Texas, mwaka 1992, ina hatua tatu. Mwanafunzi hahitaji maabara kuona tofauti. Anajumlisha uzito wa molekuli zote zinazoingia, anapata 514.5 kwa njia ya zamani na 266 kwa njia mpya, kisha anagawanya 206 ya ibuprofeni kwa kila moja. Asilimia 40 dhidi ya 77. Wazo hilo, la kuuliza ni atomu ngapi kati ya ulizonunua zinaishia kwenye bidhaa, lilielezwa na mwanakemia Barry Trost mwaka 1991, na mwanafunzi analielewa kwa dakika kumi.

Tatizo la mfano huu ni utamu wake. Darasa linaondoka likiamini kwamba kemia ya kijani, yaani kemia ya kupunguza taka na madhara, ni hadithi ya shujaa na jambazi. Kwa hiyo tunaongeza jambo moja: njia mpya hutumia floridi ya haidrojeni kama kichocheo na kiyeyushi kwa pamoja, na hicho ni kitu kinachoua. Hurejeshwa na kutumika tena, ndiyo maana taka zinapungua sana ukilinganisha na kloridi ya alumini ya njia ya zamani iliyokuwa ikiishia kuwa taka kwa wingi. Je, umepunguza madhara, au umeyahamisha kutoka mtoni kwenda kwa mfanyakazi anayesimama kando ya tangi? Nimesahihisha majibu mazuri ya pande zote mbili. Jibu nisilolikubali ni lile la “njia mpya ni endelevu” na nukta.

Huku kwingine mambo hayakuwa laini. Mwenzangu wa thamodinamiki aliniambia wazi: “Ndugu yangu, mimi nafundisha sheria ya pili. Siasa za mazingira wafundishe wengine.” Sikumbishia kwa hotuba. Nilimpelekea tatizo: mwali wa gesi wenye joto la nyuzi zaidi ya 1,500 unachemsha maji ili mvuke ukapashe kimiminika kinachohitaji nyuzi 90 tu. Kwa sheria ya kwanza, inayohesabu tu kiasi cha nishati, boila yetu ina ufanisi wa asilimia 85 na kila mtu anampongeza fundi. Kwa sheria ya pili, inayoangalia pia ubora wa nishati hiyo, tumechukua nishati yenye uwezo mkubwa wa kufanya kazi na kuiporomosha bure. Aliliangalia, akasema limeandikwa vibaya, akaliandika upya mwenyewe likawa bora kuliko langu. Tangu hapo ni lake. Huo ndio mkakati wangu wote kwa wenzangu, kama ni mkakati: usimwombe mtu afundishe somo lako, mpe swali la somo lake ambalo jibu lake linavuka mpaka.

Kilichosaidia pia ni historia. Tunapenda kujiona kama fani ya mafuta na plastiki iliyokuja kubanwa na wanamazingira baadaye. Kumbukumbu zinasema vingine. Katika karne ya 19 viwanda vya magadi vya Uingereza, vilivyotumia njia ya Leblanc ya kutengeneza magadi kutoka kwenye chumvi, vilikuwa vikitoa gesi ya asidi ya haidrokloriki iliyoua miti na kuchoma mazao. Sheria ya Alkali ya mwaka 1863 ikavilazimisha kunasa angalau asilimia 95 ya gesi hiyo. Viwanda vilitumia minara ambamo maji yanateremka na gesi inapanda, aina ile ile ya mnara tunaoufundisha leo kwenye somo la unyonyaji wa gesi, na asidi iliyonaswa ikaja kuwa malighafi ya klorini ya kung’arishia nguo na karatasi. Mmoja wa wakaguzi waliosimamia sheria hiyo aliitwa George E. Davis. Mwaka 1887 alitoa mihadhara 12 mjini Manchester kuhusu kanuni zinazofanana katika viwanda vyote vya kemikali, na ndiye wengi humtaja kama baba wa fani hii. Baba yetu alikuwa mkaguzi wa moshi! Nikilisema hilo kwenye kikao cha idara, anayedai kwamba mazingira ni nyongeza ya kigeni hupunguza sauti.

Kuhusu ukenekaji, yaani kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha mnarani, nitasema kwa ufupi, maana kila mwalimu anaweza kufanya hivi kesho. Wanafunzi hufundishwa kuchagua kiasi cha kimiminika cha kurudisha juu ya mnara kwa kulinganisha gharama ya mnara na gharama ya mvuke. Kanuni ya makadirio ni kurudisha mara 1.2 hadi 1.5 ya kiwango cha chini kabisa kinachowezekana. Niliongeza safu moja kwenye jedwali lao. Gesi asilia hutoa kilo 56 za hewa ukaa kwa kila gigajuli ya nishati. Boila ikiwa na ufanisi wa asilimia 85 inakuwa kama kilo 66. Mnara unaotumia gigajuli 10 kwa saa, saa 8,000 kwa mwaka, unatoa zaidi ya tani 5,000. Kisha wanaweka bei kwenye hewa ukaa na kuipandisha hatua kwa hatua, wakitazama jinsi chaguo bora linavyosogea. Mara nyingi husogea kidogo kuliko walivyotarajia, na hilo nalo ni somo: faida kubwa haiko kwenye kurekebisha mnara, iko kwenye kuuliza kama joto la juu ya mnara mmoja haliwezi kuchemsha chini ya mwingine. Hapo tunaingia kwenye mbinu ya kuoanisha mikondo ya moto na baridi ambayo Bodo Linnhoff na wenzake waliikuza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa kwenye mtaala siku zote. Ilikuwa ikifundishwa kama njia ya kuokoa fedha, na sioni ubaya.

Kazi ngumu ilikuwa mradi wa usanifu. Huko ndiko alama ziko, na mwanafunzi hufuata alama. Nilipigania kifungu kimoja kwenye mwongozo wa usahihishaji: kila mkondo unaovuka mpaka lazima uwe na mwisho uliotajwa. Unauzwa? Kwa nani, kwa usafi gani? Unachomwa? Nini kinatoka kwenye bomba la moshi? Unasafishwa? Tope la usafishaji linakwenda wapi? Neno “taka” peke yake halipati kitu. Cha ajabu, kifungu hicho kimoja kimebadilisha michoro kuliko mihadhara yangu yote, kwa sababu kundi likigundua kwamba kila mkondo unaotoka utawagharimu ukurasa wa maelezo, linaanza kutafuta namna ya kupunguza mikondo.

Kifungu cha pili kilileta mabishano makali zaidi. Nilitaka kundi linaloonyesha kwamba mtambo wake una madhara makubwa lisipunguziwe alama, mradi limeyaonyesha kwa uwazi na kulinganisha na njia mbadala kwa kipimo kilekile cha huduma, yaani kwa kazi ileile inayofanywa na bidhaa. Baadhi ya wenzangu waliona nawapa zawadi wachafuzi. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ni, kwamba ukimlipa mwanafunzi kwa kuonekana msafi atajifunza kuonekana msafi. Nimeshaona kundi likisifia vikombe vya PLA, plastiki inayotokana na mimea, kwamba “vinaoza vyenyewe”, bila kutaja kwamba kuoza huko kunataka mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 58 au 60. Kikitupwa jalalani au baharini kinakaa. Kundi hilo halikudanganya kwa makusudi. Lilijua tu msahihishaji anapenda kusikia nini.

Zana hazikuwa kikwazo kikubwa. Tunatumia DWSIM kuigiza mitambo na openLCA kwa tathmini ya mzunguko wa maisha wa bidhaa, zote za bure. Lakini sianzi na programu. Kiwango cha ISO 14040 kinataka hatua nne: kuweka lengo na mpaka, kukusanya orodha ya vinavyoingia na kutoka, kupima madhara, na kutafsiri matokeo. Hatua ya pili ni mizania ya tungamo iliyovaa suti. Mwanafunzi akiifanya kwanza kwa mkono, kwenye karatasi, ataitilia shaka namba ya programu inapostahili kutiliwa shaka. Akianza na programu atapata picha ya rangi nyingi na hataweza kuitetea.

Kwenye mtihani nina swali ninalolirudia kwa sura tofauti. Mwanakemia Roger Sheldon, mwaka 1992, alipendekeza kipimo cha kilo za taka kwa kilo ya bidhaa. Kwa usafishaji wa mafuta ghafi kipimo hicho huwa chini ya 0.1, kwa dawa huanzia 25 na kupita 100. Je, kiwanda cha dawa ni kichafu kuliko cha mafuta? Wanaokimbilia “ndiyo” wamesahau kuzidisha kwa tani zinazozalishwa, na wamesahau kwamba mafuta yakishauzwa yanachomwa. Wanaokimbilia “hapana” wamesahau kuuliza kwa nini dawa inatumia viyeyushi vingi kiasi hicho. Nafasi ya jibu ni nusu ukurasa, na ni vigumu kuijaza kwa maneno matupu.

Sehemu ya watu bado inanisumbua. Mazingira na fedha vinakubali kuingia kwenye mizania. Haki haikubali kirahisi. Ninachofanya ni kuwapa ajali ya Bhopal, India, lakini si kama picha za huzuni. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, takriban tani 40 za isosianeti ya methili, kemikali yenye sumu kali, zilivuja kutoka tangi la kiwanda cha viuatilifu na kuua maelfu. Kitu hicho hakikuwa bidhaa. Kilikuwa cha kati, cha kutengenezea kiuatilifu kiitwacho kabarili. Nawapa njia mbili za kemia kwenda kwenye kabarili, moja ikipitia isosianeti hiyo na nyingine ikiipita kando, zote zikihitaji fosjini, nayo ni sumu. Nawauliza wangechagua ipi, wangehifadhi nini, kiasi gani, na umbali gani kutoka makazi ya watu. Trevor Kletz, mtaalamu wa usalama wa viwanda vya kemikali, alikuwa ameshaeleza miaka sita kabla ya ajali hiyo kwamba kinga bora ni kutokuwa na kitu hicho kabisa, kwa maana usichonacho hakivuji. Hapo mpaka unawavuka watu wanaolala nje ya ukuta, ambao hawakuulizwa. Mjadala huwa mzuri. Kuusahihisha ni shida, na mpaka sasa nimekataa kuupa alama kwa namba. Natoa maoni tu kwa maandishi, jambo ambalo ofisi ya mitihani hailipendi.

Baadhi ya wanafunzi hulalamika kwamba maswali haya hayana jibu moja. Wana haki ya kulalamika, maana miaka yote ya shule wamelipwa kwa jibu moja. Kwa wanaoanza huwa natoa namba kamili na mpaka uliokwisha chorwa. Uhuru unaongezeka kadiri wanavyopanda mwaka. Ukimwachia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mpaka wazi, anaandika insha, na tulishatoka huko.

Karibuni jambo hili limefika maabara bila mimi kulipeleka. Kundi moja, likiandika ripoti ya mnara mdogo wa ukenekaji, lilifuata mshale wa maji ya kupozea na kukuta yanakwenda moja kwa moja kwenye mfereji, mchana kutwa, yakiwa yamepanda nyuzi chache tu. Walikokotoa ni maji kiasi gani kwa muhula, wakapendekeza tangi na pampu ya kuyazungusha, wakaweka na umeme wa pampu kwenye hesabu bila kuambiwa. Fundi sanifu wa maabara alikubali kwa sharti moja: anayetaka tangi aandike pia nani atalisafisha, kwa sababu maji yanayozunguka huota mwani. Ratiba ya usafi sasa ni sehemu ya ripoti ya maabara, na ina alama zake.